Nafuu ya kodi ya mtoto Marekani: mtoto yupi, kipato kipi

Ukikaa na Waswahili wa Marekani mwezi wa Februari, swali ni moja: "Watoto wamekuletea ngapi?" Wanazungumzia Child Tax Credit, nafuu anayopewa mlezi kwa kila mtoto. Haipunguzi mapato yanayotozwa kodi, inapunguza kodi yenyewe. Ukidaiwa dola 3,000 na una mtoto mmoja, kwa mwaka wa kodi wa 2025 zinatolewa 2,200, unabaki kudaiwa 800.

Mtoto awe hajafikisha miaka 17 ilipofika tarehe 31 Desemba. Aliyetimiza siku hiyohiyo keshatoka. Kichanga aliyezaliwa siku hiyohiyo anaingia. Awe na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) inayoruhusu kazi, na tangu 2025 mzazi pia awe nayo, ingawa kwa wanandoa wanaojaza fomu ya kodi pamoja mmoja wao anatosha. Tena awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Yule unayemtumia ada Kigoma hayumo, hata kama hujakosa mwezi.

Panapotuchanganya ni undugu. Mwanao wa kuzaa, wa kambo, mdogo wako, mjukuu, mpwa, wote wanakubalika. Lakini mtoto wa baba yako mdogo kwetu ni kaka, na mwanawe ni mwanao, basi. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haioni hivyo: huyo ni mtoto wa binamu, na bila kumwasili kisheria au kukabidhiwa na serikali umlee, hupati hiyo 2,200 hata kama umemlea tangu anatambaa. Labda, ukitimiza masharti yake, ile nafuu ndogo ya dola 500 ya tegemezi wengine.

Kuhusu kipato, wengi huogopa kupata nyingi mno. Bure tu. Nafuu huanza kupungua ukipita 200,000 kwa mwaka, au 400,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, na kila 1,000 ya ziada, au hata kipande chake, inakata 50.

Kikwazo hasa kiko chini. Kama hudaiwi kodi, unachoweza kulipwa mkononi hakizidi 1,700 kwa mtoto, na hesabu yake kwa kawaida ni asilimia 15 ya mshahara unaozidi 2,500. Mama wa watoto wawili, kazi ya kusafisha hoteli miezi michache, kapata 12,000. Toa 2,500, zinabaki 9,500. Asilimia 15 yake ni 1,425, kwa watoto wote wawili. Jirani yake mwenye mshahara wa 90,000 na watoto wawili anachukua 4,400 kamili. Mimi naona ni kinyume, ila ndivyo sheria ilivyo. Mwaka 2021 peke yake sharti hilo la mshahara liliondolewa, na pesa zikawa zinaingia kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba. Ndiyo maana bado wapo wanaouliza zilikatikia wapi.

Sehemu hiyo ya kulipwa mkononi haitoki kabla ya katikati ya Februari, kwa hiyo aliyewahi kujaza Januari anasubiri pamoja na wenzake.