Kutoka Kisumu hadi kwenye theluji: maswali yenu kuhusu afya

Kila Agosti, vijana wanapofunga masanduku kwenda kusoma Kanada au Marekani, maswali kuhusu baridi hunifuata mpaka sokoni. Wasiwasi wenyewe una sababu. Kisumu mchana hufika nyuzi 30. Minneapolis ya Marekani, walikojaa Wakenya, wastani wa usiku wa Januari ni karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, na Winnipeg ya Kanada ni karibu 21 chini ya sifuri. Nimejibu maswali yanayorudi mara nyingi.

Sista, mimi ni wa Molo. Baridi naijua. Si naongeza tu sweta?

Baridi ya Molo ni ya asubuhi, ikifika saa nne jua limekuokoa. Kule jua la Januari linaweza kuwaka vizuri kabisa na bado halikupashi joto. Sweta tano za pamba zitakuangusha, kwa sababu pamba hunywa jasho, na nguo yenye unyevu hunyonya joto la mwili. Ukiniuliza, anayeumizwa zaidi na theluji ni yule aliyelowa.

Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu au ya kitambaa kile cha wanamichezo kinachokauka haraka. Juu yake sweta nzito, kisha jaketi lisilopitisha upepo wala maji. Ukienda soko la Kibuye kutafuta jaketi la mtumba, usidanganywe na unene. Soma lebo ndani, angalia kama zipu ina kifuniko cha kuzuia upepo, kaza mikono ya jaketi uone kama bado inabana, halafu vuta kofia yake uone kama inafunika masikio ukiwa umevaa boshori. Viatu nunua hukohuko. Vya hapa soli zake hazikutengenezewa barafu. Tena visikubane: soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole huganda upesi kuliko vya mwenye soksi moja.

Nitajuaje kuwa baridi imeanza kuniumiza?

Maeneo ya kwanza ni vidole, masikio, pua na mashavu. Vitabu vingi husema ngozi hugeuka nyekundu kisha nyeupe, lakini hayo yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwetu sisi ngozi hupauka, ikawa ya kijivujivu kama iliyopakwa jivu, na huwa ngumu ukiibonyeza. Dalili ya kuogopa zaidi ni maumivu kuisha. Kidole kilichokuwa kikiuma na sasa hakisikii kitu hakijapona. Upepo ukifanya baridi ihisiwe kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30.

Ingia ndani. Usisugue, na wala usipake theluji kama wengine wanavyoshauri. Tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, yaani maji ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Anayepima awe mtu mwingine, maana mkono wako uliokufa ganzi utaungua bila habari. Pakitoka malengelenge au rangi isiporudi, hospitali.

Halafu kuna joto la mwili mzima kushuka chini ya nyuzi 35. Mtu hutetemeka sana, maneno yanakuwa mazito, anashindwa kufunga zipu, anapepesuka. Akiacha kutetemeka huku bado amechanganyikiwa, hali imekuwa mbaya: piga simu ya dharura, mvue nguo mbichi, mfunike blanketi, anza kumpasha joto kifuani si miguuni.

Pombe kidogo si hupasha joto?

Hapana. Inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku joto lenyewe likitoka nje. Kunywa chai.

Binti yangu ana sikoseli na amepata nafasi ya chuo Kanada. Nimwache aende?

Mama, hili ndilo swali ambalo watu wa kando ya ziwa hatuulizi vya kutosha, ilhali selimundu, yaani hiyo sikoseli, ni nyingi kwetu kuliko sehemu nyingine za nchi. Baridi ni mojawapo ya vitu vinavyochochea maumivu makali ya ugonjwa huo: mishipa midogo inajikunja, na zile seli zilizopinda zinakwama. Wapo wengi wenye selimundu wanaoishi vizuri kwenye nchi za baridi, lakini hawaendi kibubu.

Apewe barua ya kliniki yenye historia yake, dawa anazotumia na kipimo chake, kama anatumia hidroksiyurea, dawa ya selimundu, ionyeshwe wazi. Ajiandikishe kwa daktari wa damu wiki za kwanza, asisubiri maumivu. Anywe maji hata kama hana kiu. Hewa ya ndani yenye hita ni kavu mno, na baridi huficha kiu. Asitoke kwenye joto kuingia barafuni bila kufunika mikono, masikio na shingo. Homa kwake ni dharura.

Mwenye pumu naye afunge skafu mdomoni na puani ili hewa ipate joto kabla ya kufika kifuani, na pampu yake akae nayo mfuko wa ndani, si wa nje.

Nina presha, na ninakwenda kumtembelea mwanangu. Naweza kumsaidia kuondoa theluji?

Mzee, sepetu ya theluji mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana. Baridi inabana mishipa na kupandisha presha, kisha wewe unainua mzigo huku umeshika pumzi. Kila msimu kuna watu wanaanguka kwa moyo wakifanya kazi hiyohiyo. Mwachie kijana. Akichoka, asukume theluji badala ya kuinua.

Lililo lenu wote wawili ni gari. Buffalo, jimbo la New York, iko kando ya Ziwa Erie, na upepo baridi ukipita juu ya maji yenye joto huokota unyevu na kuumwaga nchi kavu. Sisi tunaoona mawingu ya Victoria yakijengeka hatuhitaji kufundishwa hilo. Novemba 2022, Orchard Park karibu na Buffalo ilipata takriban mita mbili za theluji, na dhoruba ya Desemba mwaka huohuo iliua zaidi ya watu 40 eneo hilo, baadhi yao wakiwa ndani ya magari. Ukikwama, fukua ekzosi kabla ya kuwasha injini. Theluji ikiziba bomba hilo, kaboni monoksaidi inaingia ndani, gesi ileile inayoua watu huku kwetu waliolala na jiko la makaa. Na jiko hilo, tafadhali, lisiwashwe ndani ya nyumba Kanada eti umeme umepotea.

Kutembea je? Kama kwenye matope ya Kano mvua ikinyesha: hatua fupi, kanyagio lote chini, mikono nje ya mifuko.

Kijana wetu hatoki nyumbani tangu Novemba. Analala tu.

Desemba, Minneapolis hupata mwanga chini ya saa tisa kwa siku. Mtu aliyezoea saa kumi na mbili mwaka mzima anaweza kuingia huzuni ya kweli, si uvivu. Atoke asubuhi kila siku, hata dakika ishirini. Kuna taa maalumu za mwanga wa laksi 10,000 ambazo mtu hukaa mbele yake nusu saa kila asubuhi, amuulize daktari. Akizungumzia kujiua, msingoje.

Vitamini D pia. Jua la majira hayo halitoshi kuitengeneza, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku msimu wa vuli na baridi, na kwa wenye ngozi nyeusi mwaka mzima.

Lakini dawa ninayoipenda mimi ni mchezo. Philip Boit, mkimbiaji wetu wa Bonde la Ufa, alianza kujifunza kuteleza kwa mbao za theluji Finland mwaka 1996. Mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie, alimsubiri akamkumbatia. Kijana wenu si lazima ashindane. Kigari cha kutelezea mlimani hakihitaji ujuzi. Avae miwani ya jua tu, kwani theluji safi hurudisha hadi asilimia 80 ya miale, na macho huungua.

Amefika wiki mbili sasa na ana homa. Wenzake wanasema ni flu.

Inaweza kuwa flu. Inaweza pia kuwa malaria aliyoondoka nayo Kisumu, na daktari wa Winnipeg katikati ya Januari hataifikiria asipoambiwa. Aende leo, na neno la kwanza liwe: "Nimetoka Kenya, nataka kupimwa malaria." Hata miezi mingine ikipita, homa yoyote ndani ya mwaka wa kwanza ataje hivyohivyo. Na akija likizo, aulizie dawa za kinga kabla ya kupanda ndege, maana kinga aliyoijenga utotoni hupungua akikaa mbali. Usiku wa kwanza nyumbani alale chini ya neti kama mgeni.