Kikomo cha kumbukumbu kwenye kompyuta yenye mifumo endeshi miwili

Kompyuta ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4, na mifumo endeshi miwili, Linux na Windows. Ukiiwasha kwa Linux ya biti 64, karibu yote inaonekana. Ukiiwasha upya kwa Windows XP ya biti 32, unakuta gigabaiti 3.25 hivi. Wengi hudhani RAM imeharibika, au kwamba mifumo hiyo imegawana kumbukumbu kama ilivyogawana diski. Sivyo. Mfumo uliowaka ndio unaotumia RAM peke yake. Ule mwingine wakati huo ni mafaili tu ndani ya diski. Kinachotofautiana ni kikomo cha kumbukumbu, yaani kiasi cha juu cha RAM ambacho mfumo endeshi unaweza kukitumia.

Kila baiti hufikiwa kwa anwani. Anwani ya biti 32 ina namba 4,294,967,296 tu, ambazo ni gigabaiti 4, na RAM haizipati zote: kadi ya video, kadi ya mtandao na BIOS (programu inayoiwasha kompyuta) nazo hutengewa nafasi humo humo. Ndiyo maana XP ya biti 32 hupungukiwa, na kiasi kinachopungua hutegemea vifaa vilivyofungwa.

Lakini si kila kikomo kinatokana na hesabu. Tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, Intel ilileta PAE, njia ya kutumia anwani za biti 36 zinazofika gigabaiti 64. Linux ya biti 32 yenye PAE huitumia. Windows XP nayo ina PAE, ila Microsoft iliibakiza kwenye gigabaiti 4. Windows 7 Starter ilifungiwa gigabaiti 2. Huo ni uamuzi wa mtengenezaji, na kuongeza RAM hakuubadilishi.

Windows 98 ndiyo yenye matatizo zaidi. RAM ikizidi megabaiti 512, sehemu yake iitwayo Vcache, inayohifadhi mafaili kwa muda, inaweza kujitanua hadi ikamaliza anwani za mfumo. Hapo unaambiwa kumbukumbu haitoshi, na kumbe RAM ni tele! Ikizidi gigabaiti 1, huenda Windows isiwake kabisa.

Usikimbilie kuchomoa RAM. Fungua faili la SYSTEM.INI lililo ndani ya folda ya Windows. Chini ya sehemu ya vcache andika MaxFileCache=524288; hizo ni kilobaiti, sawa na megabaiti 512, na unaweza kuweka pungufu. Isipowaka bado, chini ya 386Enh ongeza MaxPhysPage=20000. Namba hii ni ya mfumo wa kumi na sita, sawa na 131,072 za kawaida: inahesabu kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, za kilobaiti 4, na jumla yake ni megabaiti 512. Windows ikigoma kuwaka, tumia Linux kulihariri faili hilo, kwa kuwa inasoma na kuandika FAT32, mpangilio wa mafaili ya diski unaotumiwa na Windows 98, bila shida. Mistari hiyo inaibana Windows 98 pekee; Linux itaendelea kutumia RAM yake kama kawaida.