Columbus hakwenda kuthibitisha kuwa dunia ni mviringo

Kwa miaka mingi watoto wa shule za msingi Marekani walifundishwa kwamba mwaka 1492 watu waliamini dunia ni bapa kama sinia, na Christopher Columbus, baharia aliyevuka Atlantiki mwaka huo akielekea magharibi ili afike Asia, peke yake ndiye aliyejua kuwa ni mviringo. Wengi wetu tumekua na hadithi hiyo hiyo. Si kweli.

Wasomi walilijua umbo la dunia zamani sana. Zaidi ya miaka 1,700 kabla ya safari ile, Eratosthenes, msomi Mgiriki aliyeishi Misri, alisikia kwamba mjini Syene, yaani Aswan ya leo, katika siku ndefu kuliko zote ya mwaka, jua la adhuhuri humulika kisima mpaka chini. Kwao Aleksandria, saa hiyo hiyo, kijiti kilichosimikwa wima kilitoa kivuli. Akapima pembe yake: nyuzi 7 na kidogo, sehemu moja ya 50 ya duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo mara 50, akapata mzunguko wa dunia. Kwa kivuli na hesabu tu! Kila nikilikumbuka jambo hili nasisimka.

Ubishi wa Columbus na wataalamu wa Hispania ulihusu umbali. Alidhani kutoka visiwa vya Canary hadi Japani ni takriban kilomita 4,400. Kwa kweli, kwa kuelekea magharibi ni karibu 20,000. Wataalamu, waliosema ni mbali zaidi, ndio waliokuwa sahihi. Bila Amerika kuwapo njiani, chakula na maji vingemwishia Columbus na mabaharia wake baharini.

Hadithi ya dunia bapa ilienezwa sana na mwandishi Mmarekani, Washington Irving, mwaka 1828.