Je, wajua kwa nini ekzosti ikivuja, pikipiki kuukuu ya mipigo miwili huishiwa nguvu?

Ichukue Yamaha DT 175 ya zamani, zile zilizowabeba mabwana shamba, waganga wa vijijini na mapadri kabla barabara zetu hazijajaa Boxer na pikipiki za Kichina. Gasketi ya ekzosti, ile pete ya kuziba mwanya, ikipasuka pale bomba linapoungana na silinda, pikipiki iliyokuwa ikipanda mlima na gunia la mahindi nyuma huanza kukwama kwenye mwinuko mdogo tu. Boxer ikivuja mahali hapohapo itapiga kelele na kuendelea na safari. Kwa nini?

Injini ya Boxer, ambayo ni ya mipigo minne (pistoni hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mlipuko, si mara moja kama kwenye mipigo miwili), ina valvu. Moshi ukishatoka, valvu inafunga mlango. Injini ya mipigo miwili haina valvu ya moshi. Ina matundu tu ubavuni mwa silinda, na pistoni ndiyo inayoyafunua na kuyafunika inapopanda na kushuka. Taabu ni kwamba mchanganyiko mpya wa hewa, petroli na oili huingia silinda wakati mlango wa moshi bado uko wazi. Sehemu ya petroli uliyoinunua hukimbilia nje pamoja na moshi kabla haijaungua.

Anayeirudisha ndani ni bomba lenyewe. Litazame vizuri: linaanza jembamba, linapanuka polepole kama mdomo wa tarumbeta, linakuwa na tumbo nene, kisha linabanwa tena ghafla. Umbo hilo si pambo. Moshi unapochomoka hutuma wimbi la mgandamizo ndani ya bomba. Wimbi likifika sehemu inayopanuka, hurudisha mnyonyo unaovuta moshi uliobaki silinda na kusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Likifika sehemu inayobanwa, hugonga na kurudi kama msukumo, ukiusindika ndani mchanganyiko uliokuwa unatoroka, sekunde ileile pistoni inapoziba mlango. Nasema sekunde, lakini ni kidogo mno kuliko hiyo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sehemu moja ya mia ya sekunde, na mlango wa moshi uko wazi takriban nusu ya muda huo. Wimbi lazima liwe limeshakwenda na kurudi.

Ufundi huu ulipevushwa Zschopau, Ujerumani Mashariki, kwenye kiwanda cha pikipiki cha MZ. Mhandisi Walter Kaaden, akiwa na vifaa haba kuliko wapinzani wake, aliyachunguza mawimbi hayo hadi mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ikatoa nguvu za farasi 25, sawa na farasi 200 kwa kila lita. Hakuna injini isiyosukumiwa hewa kwa mashine iliyokuwa imefika hapo. Mwaka huohuo, baada ya mashindano ya Sweden, dereva wake Ernst Degner alitoroka na kuhamia Suzuki pamoja na siri hizo, na mwaka 1962 akawapa Wajapani ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50. Kila ninapoliona lile tumbo la ekzosti kwenye pikipiki iliyoegeshwa chini ya mwembe, namkumbuka Kaaden.

Sasa toboa bomba hilo. Wimbi linalopita penye tundu hupoteza nguvu likienda, na hupoteza tena likirudi. Wakati wa mnyonyo, hewa ya nje nayo huingia kupitia palepale, ndiyo maana pikipiki inayovuja hupiga mabomu ukiachia mafuta. Kwa hiyo mahali palipotoboka ni muhimu kuliko ukubwa wa tundu. Uvujaji kwenye shingo ya silinda, pale bomba linapoanzia, ndio mbaya kuliko wote. Kule nyuma kwenye silensa, baada ya bomba kubanwa, utapata kelele na uchafu zaidi kuliko hasara ya nguvu.

Kuupata si kazi. Oili isiyoungua huacha alama nyeusi yenye utelezi penye ufa. Kama huoni kitu, ngoja injini ipoe kabisa, paka maji ya sabuni kwenye maungio, ziba mkia wa silensa kwa kitambaa, kisha mwenzako apige kiki huku swichi ikiwa imezimwa. Povu litakuonyesha. Lakini kabla ya kuziba chochote, chungulia silensa. Ikiwa imejaa masizi, moshi hauna pa kupitia na utaisukuma kila gasketi utakayoweka. Nimeona gasketi tatu zikibadilishwa mwezi mmoja kwa kosa hilo.

Kwenye shingo, kwangua masizi yote na uangalie kama uso wa bomba umenyooka. Ukiwa umepinda kidogo, laza msasa juu ya kioo na uusugue uso huo juu yake taratibu. Gasketi mpya ndiyo bora. Kama ni ya shaba tupu na haipatikani, ya zamani inaweza kurudi kazini: shaba iliyobanwa huwa ngumu, lakini ukiipasha moto hadi iwe nyekundu kisha ukaitumbukiza majini, inalainika, tofauti kabisa na chuma cha kisu, ambacho kikifanyiwa hivyo huwa kigumu. Gasketi za miaka hiyo zilizotengenezwa kwa asbesto usizisugue zikiwa kavu. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Ziloweshe kwanza, kisha uzitoe.

Silikoni ya joto kali naikubali kwenye ungio la bomba na silensa, tabaka jembamba, na iachwe ikauke. Kwenye shingo ya silinda huungua na kuacha mwanya.

Bomba likiwa na kutu au ufa, lichomelewe likiwa limefunguliwa kwenye pikipiki, baada ya kutolewa oili na masizi yaliyomo. La sivyo moshi mchafu utaharibu mshono. Na uulize kwa nini limepasuka. Mara nyingi jibu liko kwenye mpira uliokufa wa kishikizo kinachoshika bomba kwenye fremu, au kwenye namna lilivyofungwa mara ya mwisho. Fundi akikaza kishikizo cha fremu kwanza, halafu akalivuta bomba kwa nguvu lifike silinda, bomba linakaa limejinyonga siku zote na mtikisiko hulimaliza. Funga kila kitu kwa kulegeza, bomba likae lenyewe, kaza upande wa silinda kwa zamu, bolti hii kidogo na ile kidogo, ndipo ukaze kishikizo.

Endesha dakika kumi, acha ipoe, kaza tena. Wiki moja baadaye pitisha kidole chini ya shingo, injini ikiwa ya baridi: kikitoka kikavu, hapavuji tena.