Arifa za simu ni nini hasa, na zinaandikwaje mtu akaelewa

Arifa, au notifikesheni kama wengi tunavyoita, ni ule ujumbe mfupi unaotokea kwenye skrini ya simu yako kutoka kwa apu fulani hata kama hiyo apu hujaifungua. Inavyofanya kazi ni hivi, simu ikiwa na intaneti inakaa imeunganishwa na seva, yaani kompyuta kuu, za Apple au Google, sasa mwenye apu akitaka kukuambia kitu anautuma ujumbe kwenye hizo seva na zenyewe ndo zinausukuma mpaka kwako. Apple walianza kwenye iPhone mwaka 2009, Google wakaleta mfumo wao kwenye Android mwaka 2010. Zipo pia zinazopangwa ndani ya simu yenyewe, kama za kukukumbusha dawa, hizo hata intaneti hazihitaji.

Hiyo ni mitambo. Kinachonikera mimi, na nakisema kwa sababu naamini kinarekebishika, ni maneno yanayowekwa humo.

Kuna kipindi nilituma maombi fulani kupitia apu, nikasubiri kama wiki mbili hivi, siku moja simu ikalia, naangalia naona "Ombi lako limeshughulikiwa." Basi, hakuna kingine. Sasa limeshughulikiwa ndo limekubaliwa au limekataliwa? Moyo unaenda mbio, nafungua apu, inataka nywila, nywila nimeisahau, naomba mpya, nasubiri namba ya uthibitisho, mpaka nafika ndani imepita nusu saa ndo nakuta nimekataliwa, sababu eti picha ya kitambulisho haisomeki. Mstari mmoja ungetosha kabisa: "Ombi halijapita: picha ya kitambulisho haisomeki. Piga nyingine uitume." Hapo najua kimetokea nini, kwa nini, na nifanye nini, na nimejua bila kufungua chochote. Mimi hiki ndo kipimo changu cha arifa nzuri, mtu aisome skrini ikiwa bado imefungwa na abaki na swali moja tu, nifungue sasa hivi au baadaye.

Kwenye hela ndo pa kuwa makini zaidi. Mtu akiona "Hitilafu imetokea, jaribu tena" wakati anafanya malipo, kitu cha kwanza anachojiuliza ni hela imekatwa au haijakatwa, na kama hujamjibu hapo hapo anaweza kulipa mara mbili au akakaa na wasiwasi siku nzima. Andika "Malipo hayajapita. Hela yako haijakatwa." Na kama hata wewe hujajua bado, sema hivyo hivyo, "Malipo yako bado tunayahakiki, usilipe tena kwanza."

Halafu kuna huu mtindo wetu wa "Ndugu mteja, tunapenda kukutaarifu kuwa". Kwenye barua ni adabu, sawa, ila hesabu mwenyewe, hizo ni karibu herufi 40 na bado hujasema kitu. Kwenye Android arifa ikiwa imekunjwa mara nyingi unaona mstari mmoja tu, kwa hiyo msomaji anaona salamu halafu vidoti vitatu. Jambo lenyewe liwe mwanzoni. Adabu kwenye arifa ni kutompotezea mtu muda na kutomtisha bila sababu.

Ila sio kila jambo ni la kuanikwa kwenye skrini, maana anayeitazama sio lazima awe mwenye simu. Majibu ya hospitali kwa mfano, sema "Majibu ya kipimo chako yako tayari" na uishie hapo.

Kuna kitu kingine kinatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, na developa wengi hawakijui. Mara nyingi sentensi ya arifa inaandikwa ikiwa na tundu katikati, halafu programu inajaza namba na jina la kitu. Kwenye Kiingereza neno la sifa halibadiliki kwa hiyo inapita vizuri, kwetu inagoma: picha mpya, maoni mapya, vitabu vipya, watu wapya. Ndo unakuta "Una maoni 3 mpya" au "Watu 1 wamependa picha yako", au kampuni imetuma ujumbe halafu arifa inasema "amekutumia" kana kwamba kampuni ni mtu. Hakuna njia ya mkato hapo, andika sentensi nzima kwa kila kitu, ya umoja yake na ya wingi yake. Ni kazi ya siku moja hivi na apu nzima inaanza kuongea kama binadamu.

Zile za "Tumekukumbuka!" na "Haraka!!!" wakati hakuna haraka yoyote, mimi nasema ziachwe tu. Kwenye iPhone apu lazima iombe ruhusa ya kutuma arifa, na Android nayo tangu toleo la 13 la mwaka 2022 ni hivyo hivyo, na mtu akichoka akazima zote, siku unayotaka kumwambia kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yake, humpati. Android tangu toleo la 8 la 2017 ina chaneli, yaani arifa za apu moja zimegawanywa kwa makundi, na mtumiaji anaweza kuzima za matangazo akaacha za malipo, ila ili aweze inabidi majina ya hizo chaneli yaeleweke. Anaingia kwenye setingi anakuta "Mengineyo", atajuaje humo kuna nini? Andika "Malipo", "Meseji za watu", "Ofa na matangazo".

Na vitufe vya chini ya arifa navyo ni maandishi. "Sawa" haimwambii mtu chochote, "Piga picha upya" inamwambia. Halafu akikibonyeza kimpeleke moja kwa moja pale pa kupiga hiyo picha, sio ukurasa wa mwanzo wa apu aanze kutafuta upya.