Jimbo Huzaliwa na Saza

Kila baada ya sensa simu yangu haitulii. Leo ni shirika la Mbale, kesho jamaa wa Arua, keshokutwa majirani zangu hapa Busia, na swali ni lile lile: Tume ya Uchaguzi ya Uganda itaanza lini kupitia mipaka ya majimbo ya ubunge, ili waandae maoni? Nawaambia wamechelewa, na hawapendi kusikia hivyo.

Ibara ya 63 ya Katiba inaitaka Tume ihakikishe watu wa jimbo moja wanakaribiana kwa idadi na wa jimbo jingine, na ipitie mipaka ndani ya miezi 12 tangu matokeo ya sensa kutangazwa. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Majimbo ya uchaguzi wa 2021, ukiacha viti maalumu, yalikuwa 353. Gawanya mwenyewe: kama watu 130,000 kwa mbunge mmoja. Sasa soma kifungu cha jirani. Kila saza, yaani sehemu ya wilaya inayokusanya gombolola kadhaa, likishaidhinishwa na Bunge lazima liwe na mbunge angalau mmoja, na jimbo haliruhusiwi kuvuka mpaka wa saza. Kwa hiyo Bunge likikubali saza jipya lenye watu 40,000, mbunge wake keshapatikana. Tume inakuwa kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa kilichokwisha kukatwa.

Wilaya nazo ni hivyo hivyo, maana kila wilaya mpya huja na kiti cha mbunge mwanamke. Katiba ilipopitishwa mwaka 1995 zilikuwa wilaya 39. Mwaka 2021 viti vya wanawake wa wilaya na majiji vilifika 146. Na wanaopiga kura ya kuongeza ni wabunge wenyewe.

Ndiyo maana nasema mlango wa kubisha ni halmashauri ya wilaya. Ombi la saza au wilaya mpya huanza kama azimio la madiwani, likaenda kwa waziri wa serikali za mitaa, kisha Kampala likashika njia zake. Likishatoka wilayani, kulirudisha ni kama kurudisha maziwa kwenye kiwele.

Tunachofanya sisi ni hiki. Tunachukua takwimu za UBOS, idara ya takwimu ya taifa, za kila gombolola, tunachora ramani kwa makaa kwenye karatasi ya manila, tunaitandika chini ya mwembe. Kila punje ya maharagwe ni watu 1,000. Tunawaambia wanakijiji: jimbo linahitaji punje 130, haya gaweni. Siku moja mzee mmoja alizitazama punje zetu tulizokuwa tumezipanga vizuri sana, akachukua kiganja kizima akakihamishia upande wa pili. "Mwanangu," akaniambia, "hapa katikati kuna mto. Mvua ikinyesha sisi hatuvuki. Huyo mbunge wenu tutamwona lini?" Nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka kadhaa na mto ule sikuwa nimeuchora. Katiba inaruhusu idadi ipungue au izidi kwa sababu ya njia za mawasiliano, sura ya nchi na msongamano wa watu. Hoja ya mzee tuliiandika kama alivyoisema, na madiwani waliisikiliza kuliko majedwali yangu yote.

Wengine huniuliza kuhusu mahakama. Njia ipo: asiyeridhika na mipaka iliyowekwa na Tume anakata rufaa kwenye baraza la watu watatu wanaoteuliwa na Jaji Mkuu, kisha Mahakama Kuu, na uamuzi wake ni wa mwisho. Itumieni, lakini msiifanye ndiyo mpango wenyewe.

Jambo la kuogopa zaidi ni kuonekana mna mtu wenu. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 inakataza kumpigia debe au kumpinga mgombea, na inataka muwe na makubaliano na serikali ya wilaya mnayofanyia kazi. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa kwa mkupuo kwa sababu mbalimbali, kwa hiyo msidhani ni vitisho vya karatasi. Sisi tuliwahi kuazima viti vya plastiki kwa ajili ya mkutano. Watu walipoinuka ndipo tukaona jina limepakwa rangi migongoni mwa viti: la mtu aliyekuwa akilitamani saza hilo jipya kuliko wote. Wiki iliyofuata tuliitwa tujieleze. Siku hizi watu wanakaa kwenye mikeka.

Kama mnaanza sasa, iacheni Tume kwanza. Nendeni kwa karani wa halmashauri yenu, ombeni ajenda ya kikao kijacho na kumbukumbu za vikao vilivyopita. Halmashauri hukutana angalau mara moja kila miezi miwili. Tafuteni neno "saza" humo ndani, na mkilikuta, ulizeni ni gombolola zipi na zina watu wangapi.