Kuachiliwa kwa kalsiamu katika msuli: dawa inashika wapi?

Kuachiliwa kwa kalsiamu ni kutoka kwa ayoni za kalsiamu kwenye ghala lililomo ndani ya seli ya msuli, liitwalo retikulamu ya sarkoplazimu, na kuingia katika majimaji ya seli, ambako huziwezesha nyuzi za protini kuvutana hadi msuli ukakaza. Mlango wa ghala hilo ni protini iitwayo kipokezi cha rayanodini. Magnesiamu iliyomo ndani ya seli huuzuia usifunguke ovyo. Ayoni za fedha na za zebaki, katika majaribio ya maabara, hushika salfa iliyo kwenye protini hiyo na kuufungua. Kafeini nayo huufungua, ila kwa kiwango cha milimoli kwa lita, ambacho damu ya mnywaji kahawa haikifikii hata kwa mbali.

Linalonisumbua ni jina “dawa ya kulegeza misuli”, ambalo watu, wakiwamo wanafunzi wa udaktari, hulitumia kwa suksamethoni na dantroleni kana kwamba ni ndugu. Suksamethoni hufanya kazi juu ya utando wa seli, pale neva inapokutana na msuli, wala si kwenye mlango wa ghala. Dantroleni huiacha neva ipeleke ujumbe wake kama kawaida, kisha hupunguza kalsiamu inayotoka ghalani. Tofauti hii ni ya kufa na kupona. Mtu aliyerithi kasoro katika kipokezi cha rayanodini, akipewa suksamethoni au gesi ya nusukaputi kama halothani, anaweza kupatwa na mmiminiko wa kalsiamu usiokoma: misuli hukakamaa, hula nishati bila kupumzika, na joto la mwili hupanda kwa kasi ya kutisha. Dawa inayomwokoa ni dantroleni, inayoanzwa kwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa njia ya mshipa. Basi katika “vilegeza misuli” viwili, kimoja huweza kuanzisha balaa ambalo kingine hulizima.

Kwa hiyo ningependa tuzoee kusema kwamba suksamethoni hukatiza mawasiliano ya neva na msuli, na kwamba dantroleni huzuia kuachiliwa kwa kalsiamu, hata kama sentensi itarefuka kidogo.